Walinihamisha Nikiwa Mjamzito

Walionihamisha ni watu watatu: mama mkwe wangu, mdogo wa mume wangu, na mume wangu mwenyewe. Nimeanza na huyo mama kwa sababu yeye ndiye alipiga simu, lakini nikipima vizuri, wa mwisho ndiye mbaya zaidi. Shule niliacha darasa la sita, kwa hivyo nitaandika vile ninavyoongea.

Tulikuwa tunakaa Wote, upande wa Makueni, chumba cha kukodi nyuma ya soko. Mume wangu alikuwa fundi wa mawe, mimi nilikuwa nauza mboga. Mimba ilikuja wakati hata mimi nilikuwa nimeacha kuingojea. Wenzangu wote walikuwa wanaitwa mama nani, mama nani, mimi naitwa jina langu tu kama msichana wa shule.

Mwezi wa saba wa mimba nilipigwa picha, mume wangu amekaa kando. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alizungusha ile mashine kwa tumbo, akarudi pale pale, akarudi tena. Halafu akaniambia ni msichana, na mgongo wake haukujifunga huko chini, na kichwa kimeanza kushika maji.

"Atakufa?" nilimwuliza.

"Akizaliwa hapa, mama, anaweza kuishi. Akizaliwa nyumbani, siwezi kukuahidi kitu."

Akanieleza polepole, mara mbili, mpaka nikashika. Nitapasuliwa kabla uchungu haujaanza. Mtoto atalazwa kwa tumbo, hata dakika moja asilalie mgongo. Kile kidonda kitafunikwa kitambaa safi chenye maji ya chumvi, na ambulensi itamkimbiza Nairobi siku hiyo hiyo akashonwe. "Usitoke karibu na hii hospitali," akasema. "Hata dada yako akiwa na harusi." Nikacheka. Kutoka kwetu mpaka lango la hospitali ningetembea, hata na tumbo lile, nikipumzika mara moja kwa mama wa miwa. Hicho tu ndicho nilikuwa nataka duniani, kukaa karibu na lile lango mpaka siku yangu ifike.

Sasa, kule kwa mume wangu, ng'ambo ya mto Athi, upande wa Mutomo, alikuwa amejenga nyumba ya matofali. Mabati yalikuwa juu, mlango umefungwa. Sijui koo zingine zinafanyaje, lakini kwa boma hiyo, nyumba mpya si nyumba mpaka mwenyewe amelala ndani, na mke wake amewasha moto wa kwanza na kupika. Na mdogo haingizi bibi kwa nyumba yake kama ya mkubwa bado haijafunguliwa. Mume wangu ndiye mkubwa. Mdogo wake alikuwa amemaliza kujenga, na watu wa msichana walikuwa wamekubali kumleta kabla ya Krismasi. Ni nyumba yetu ilikuwa imemzibia njia.

Ndipo mama mkwe akapiga simu.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, uje ufungue nyumba."

"Mwaitu, mama, daktari amesema nisitoke. Mtoto ana shida ya mgongo."

"Mtoto hajazaliwa na umeshamwona mgongo! Hawa wanangu wote niliwazaa bila kupigwa picha tumboni. Huyo daktari ndiye alikuoa?"

Nikasikia shemeji akimnyang'anya simu. "Shem, ni usiku mmoja tu. Unawasha moto, unapika muthokoi, unalala, asubuhi unarudi kwa daktari wako. Ama unataka na mimi nikae bila mtoto kama nyinyi?"

Na watu kule wakacheka, nikawasikia.

Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa anakula. Akasema, "Ni siku moja, mama. Nitakodi gari ndogo, utakaa mbele."

Niliondoka na leso na kadi ya kliniki. Mkoba wa kujifungulia niliuacha chini ya kitanda, umepangwa. Tulipita Kibwezi, tukavuka Athi, tukapita Ikutha, halafu tukaacha lami. Kabla ya kufika boma kuna mto wa mchanga. Siku hiyo ulikuwa mkavu kabisa, wanawake na punda wamejaa ndani wakichota maji kwa visima vya kuchimba, na gari letu likapita katikati yao, mchanga ukilia chini ya magurudumu.

Siwezi kudanganya, jioni hiyo nilifurahi. Mawe matatu yalikuwa yamepangwa, nikawasha moto, wanawake wakapiga vigelegele, na mama mkwe akanipakulia kwa mkono wake, kitu ambacho hakuwa amewahi kufanya. Mtoto alikuwa anacheza tumboni. Nikalala vizuri.

Asubuhi nikavaa, nikakaa nje kungoja gari. Mume wangu akasema ngoja kidogo. Jua likapanda. Ilipofika saa sita nikasikia injini, nikashika leso yangu, nikasimama. Ilikuwa pikapu. Juu yake niliona kitanda changu, miguu imeangalia mbinguni. Niliona jiko langu, ndoo zangu, godoro limekunjwa na kamba. Shemeji alikuwa amekalia godoro, na ule mkoba wa mtoto ameupakata.

"Shem, karibu nyumbani! Hata kitanda kimekufuata!"

Wanawake wakacheka tena. Mimi nilikuwa naangalia mkoba.

Nilimvuta mume wangu nyuma ya nyumba. "Chumba cha Wote kiko wapi?"

"Nilirudisha ufunguo."

"Lini?"

Akaangalia chini. "Kabla hatujatoka. Mama anasema ukifungua nyumba halafu utoke kabla bibi wa mdogo hajaingia, ni kama umefunga tena. Wangekosa kumleta."

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua. Lakini tutaenda hospitali siku zikikaribia. Wacha haraka."

Kila asubuhi nilimwomba. Akasema bibi akishaingia. Nilijaribu kutoka peke yangu, nikafika njiani, mwenye bodaboda akaniambia mama mkwe ameshampigia simu, akinibeba asikanyage boma hiyo tena. Mawingu yalikuwa yanapanda kila jioni na kushuka. Bibi akaletwa Jumamosi. Watu walikula, wakacheza, wageni wakavuka mto kwenda kwao, na nyuma yao mvua ikashuka kama imekuwa ikingoja waende. Jumapili mto wa mchanga ulikuwa unanguruma, maji mekundu kutoka ukingo mpaka ukingo, na miti mizima inapita.

Jumatatu mchana nikashikwa na uchungu. Bado wakati haukuwa umefika. Mume wangu alienda mtoni, akarudi, akaenda tena, akarudi amelowa mpaka kifuani.

Mama mkwe ndiye alinizalisha, na kazi hiyo anaiweza, sitamnyima haki yake. Mtoto alilia kwa nguvu sana. Alikuwa na nywele nyingi. Chini ya mgongo alikuwa na kifuko cha ngozi nyembamba, kimepasuka.

"Mwaitu, mlaze kwa tumbo," nikasema. "Chemsha maji, tia chumvi, chukua kitambaa cheupe kwa ule mkoba."

"Mtoto hulazwa kwa mgongo," akasema, na akamlaza hivyo, akamfunga leso kwa nguvu vile watoto hufungwa.

Nilikuwa nimetoka damu nyingi, miguu ilikuwa si yangu. Nikapiga kelele. Akawaambia wanawake waliokuwa wakimsaidia, "Amechanganyikiwa na uchungu, mshikeni." Wakanishika. Nikamwita mume wangu kwa jina lake. Alikuwa nje ya dirisha, niliona bega lake. Nikamwambia ingia umgeuze mtoto, unajua daktari alisema nini, wewe mwenyewe ulikuwa umekaa pale kwa daktari. Mwanamume haingii palipozaliwa mtoto. Hakuingia. Bega likatoka dirishani.

Maji yalipungua kesho yake. Wanaume wakanivusha nimekaa kwa kiti, mtoto kifuani mwangu, amelala kwa tumbo, kwa sababu sasa nilikuwa naye mimi. Alikuwa moto kama jiwe la jiko. Hospitali ya kwanza wakamwekea dawa, wakatupatia ambulensi mpaka Nairobi.

Daktari wa Nairobi alisoma kadi yangu, akamfunua mtoto, akamfunika. Alikuwa mzee mpole. "Hapa mmeandikiwa kila kitu," akasema. "Mlikuwa wapi?"

"Ni mto, daktari," mume wangu akasema. "Mto ulijaa."

"Kabla ya mto," nikasema mimi, "tulikuwa tunahama."

"Kuhama? Na hali hii?"

"Tulikuwa tunampisha ndugu yake aoe."

Daktari akaondoka kwenda kuwaita wenzake. Walijaribu. Vidudu vilikuwa vimeshapanda na uti wa mgongo mpaka kwa kichwa. Msichana wangu hakumaliza wiki. Mimi nilikuwa namnyonyesha kwa kumkamulia tone kwa tone, na siku ya mwisho alikuwa ameacha kumeza.

Watu wa mume wangu walitaka tuzike kule, kwa nyumba mpya. Nilikuwa bado naongezwa damu, kwa hivyo wakazika bila mimi. Shemeji alipiga picha ya kaburi akanitumia kwa simu, akaandika pole shem. Ana watoto sasa.

Mimi sikurudi. Niko Wote, nauza uji. Mume wangu huja siku za soko. Anasema ananiomba msamaha, anasema turudiane, tumezeeka. Nilimwambia neno moja tu: asimame mbele ya mama yake na watu waliokuwa hapo, aseme alikuwa anajua maneno ya daktari, na alinisikia nikimwita pale dirishani. Nilimwambia akisema hivyo tutaongea.

Mpaka leo hajasema. Anakunywa uji wake amesimama, anarudisha kikombe, anaenda.