Glavu Elfu Nane, Mikono Miwili

Hospitalini wanamwita Mama Stoo, na jina hilo limemkaa hata waajiriwa wapya hawajui kwamba wazazi wake walimpa lingine. Aliingia pale akiwa mfagizi. Siku karani wa stoo alipougua, ikaonekana kuwa mfagizi ndiye pekee anayejua shuka ziko rafu gani, pamba ziko wapi, na muuguzi yupi hurudisha mikasi na yupi huisahau mfukoni. Wakamkalisha kwenye kiti "kwa wiki moja tu". Wiki hiyo ina miaka kumi na tisa na haijaisha.

Kompyuta alijifunzia hapohapo, kwa kidole kimoja, kisha viwili, kisha vyote. Jedwali la stoo lina safu nne: tarehe, kitu, idadi, na aliyetoa. Aliyetoa ni yeye, mstari kwa mstari, mwaka hadi mwaka, kwa kuwa stoo ina sheria yake: anayetoa ndiye anayejibu. Ikipotea boksi la sindano haulizwi daktari, anaulizwa yeye. Nani amepokea huandikwa kwenye daftari la wodi, na daftari la wodi hukaa wodini.

Basi alipoamua kuziandika gharama za nyumbani kwake, alifanya kama mkono ulivyozoea. Tarehe, kitu, kiasi, aliyetoa.

Alikuwa amechoka kuona pesa za nyumba zinakata roho kila tarehe ishirini na hakuna anayejua zimeugua nini. Mumewe ni fundi wa friji. Wiki hii anapata, wiki ijayo anapiga miayo kibandani. Walikubaliana kwamba Fundi atalipa kodi ya nyumba na umeme. Kinachobaki atampa mkewe, naye atachanganya na mshahara wake na kununua kila kitu, kuanzia kiberiti hadi sare za shule.

Jedwali likaanza kusema. Likasema sabuni ya vipakiti inakula mara mbili ya mche mzima. Likasema vocha za simu zinapita bei ya mboga. Mama Stoo akabana hapa, akaziba pale, na kila mwezi akaweka kando elfu ishirini na tano. Miezi ishirini na nne alifanya hivyo bila kuruka hata mmoja. Ikawa laki sita, kiasi kilekile alichotakiwa kulipa binti yake, kifungua mimba, aliyekubaliwa chuo cha ufundi wa maabara. Mwisho wa kulipa ulikuwa Jumatatu. Ukichelewa, nafasi anapewa aliye nyuma yako.

Jumapili, siku moja kabla, alikuja shemeji yake mkubwa.

Huyu ni kaka wa Fundi, na watu wanamwita Mkaguzi. Zamani alichaguliwa kukagua vitabu vya kikundi fulani cha kuweka akiba, kwa miezi mitatu. Kikundi kilivunjika, yeye akabaki na jina na kile kikohozi cha kuwanyamazisha watu kabla ya kusema. Alikaa kwenye kochi kubwa, akafungua bahasha, akatandaza mezani karatasi yenye duara la rangi mbili. Sehemu nyembamba ilikuwa ya kijani. Iliyobaki yote, nyekundu.

Mama mkwe alikuwepo, miguu juu ya stuli kwa ajili ya magoti. Binti alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Fundi alikuwa akizungusha bisibisi kidoleni kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

"Shemeji, sisi hatuna ugomvi," Mkaguzi alianza.

Mtu akianza kwa kusema hana ugomvi, ujue amekuja nao umefungwa vizuri.

"Ila takwimu haziongopi. Mdogo wangu hapa, asilimia kumi na tisa. Wewe, asilimia themanini na moja. Themanini na moja, shemeji! Mtu mmoja!"

"Themanini na moja ya nini?"

"Ya pesa za nyumba hii. Jina lako limo karibu kila mstari. Nimepanga, nimechuja, nimejumlisha. Na hapa," alidonoa karatasi kwa kalamu, "kila mwezi, akiba, akiba, akiba. Nani? Wewe. Umejiwekea."

Mama Stoo alimgeukia mumewe. "Faili langu limemfikiaje?"

"Nilimtumia kaka," Fundi alijibu bila kuinua macho. "Atushauri tu, mama watoto. Mimi yale madude yako siyaelewi."

"Na ushauri ninao," Mkaguzi aliendelea. "Pesa za nyumba zipitie kwangu kwa muda, mpaka mambo yakae sawa. Na hiyo laki sita, kuna kiwanja nimekiona. Binti bado mdogo. Chuo hakina miguu, mwakani kitakuwepo palepale."

Sinia likalia mlangoni, vikombe vikagongana.

Mama Stoo ni mtu wa kumeza. Amemeza maneno ya madaktari, ya wauzaji, ya wagonjwa wanaodhani yeye ndiye anayeficha dawa. Lakini hili lilimkwama kooni. Miaka miwili amevaa gauni moja la kazini akilifua jioni na kulivaa asubuhi. Miaka miwili anatembea vituo viwili kwa mguu ili nauli ibaki. Leo mtu anamletea nyumbani kwake duara jekundu!

"Shemeji," alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu kiasi cha kumfanya mama mkwe aache kusugua goti, "mwezi uliopita nimetoa glavu elfu nane. Jina ni langu. Mikono ninayo hii miwili. Umewahi kusikia nimeulizwa nazivaa wapi?"

Mama mkwe akacheka mpaka akapaliwa.

"Hospitali ni hospitali, na nyumba ni nyumba," Mkaguzi alisema.

"Haya, twende nyumbani."

Alileta kompyuta, ile kuukuu ambayo Fundi aliikubali badala ya malipo kwa mteja mmoja, akaiweka juu ya lile duara. Akafungua jedwali na kuongeza safu ya tano. Akaandika juu yake: Kwa nani.

"Mimi nasoma, nyinyi mnajibu. Mwezi uliopita tu. Tarehe mbili, dawa ya magoti."

Mama mkwe akapapasa goti lake.

"Yangu hiyo," alisema mama mkwe.

"Tarehe tatu, gesi ya friji na koili."

Fundi akakohoa. "Yangu. Ya kazini."

"Tarehe nne, sare mbili na viatu vya shule."

"Za wadogo zangu," binti alijibu kutoka mlangoni.

"Sukari, kilo tano."

"Ya wote," mama mkwe alidakia, sasa ameanza kuufurahia mchezo, "ila huyu akija," akamnyooshea Mkaguzi kidole, "anatia vijiko vinne. Mwandikie nusu kilo."

"Mama!"

"Mama nini? Si unataka hesabu?"

Wakaenda hivyo, mstari baada ya mstari. Walipofika tarehe kumi na moja, Mama Stoo alisoma polepole: "Viatu vyeusi vya ngozi, vya kiume, jozi moja."

Fundi alitazama ndala zake. Mkaguzi alikunja bahasha yake, akaikunjua. Mama mkwe ndiye aliyegeuza shingo kuelekea kizingitini, ambako wageni huvua viatu, na wengine wote wakafuata macho yake. Jozi ilikuwa pale, inang'aa.

"Nilikuwa na usaili," Mkaguzi alisema.

"Naandika shemeji," alijibu Mama Stoo, na akaandika.

Walipomaliza, aliuchuja mwezi kwa jina lake mwenyewe. Ikabaki mistari miwili. "Kandambili, na kung'oa jino," alisoma. "Mwezi mzima nimeongezewa kandambili, nikapunguziwa jino. Ndiyo hiyo themanini na moja."

Hapo wangeweza kucheka wote yaishe. Fundi alianza hata kutabasamu. Lakini Mama Stoo hakuwa na kicheko.

"Bado mstari mmoja. Akiba, elfu ishirini na tano. Kwa nani?"

Binti aliweka sinia chini. "Kwangu," alisema, sauti ikimkatika. "Ya chuo."

"Mmesikia? Sasa na mimi nina swali, na nataka lijibiwe na wenye takwimu. Kodi ya nyumba ipo kwenye jedwali hilihili, jina la baba watoto. Umeme, jina lake. Mbona hakuna aliyekuja na bahasha kusema Fundi amekula kodi? Jina la mwanamume likikaa kwenye mstari, mnasema anahudumia familia. Likikaa langu, nimetapanya. Safu ni ileile! Faili ni lilelile!"

Mkaguzi alitafuta kikohozi chake, hakukiona. Alilichomoa duara chini ya kompyuta, akalikunja, akalitia mfukoni, akasema atapita siku nyingine.

"Pita," mama mkwe alimwambia, "ila njoo na sukari yako."

Mkaguzi alipokwisha kuondoka, Fundi alimfuata mkewe jikoni. "Lakini mama watoto, si ungetueleza mapema tu?"

"Miaka miwili jedwali lipo kwenye simu yako. Mimi ninalala upande wa pili wa kitanda kilekile. Ukashindwa kugeuka uniulize, ukamuuliza kaka yako anayekaa ng'ambo ya mji."

Fundi akasema, "Nimekosa."

"Umekosa. Mwezi huu sokoni unakwenda wewe, na unajaza safu zote tano."

Jumatatu, kabla ya kuingia stoo, Mama Stoo alikuwa wa tatu kwenye foleni ya benki. Alipewa fomu ya kulipia ada. Juu palikuwa na nafasi ya jina la mlipaji. Chini yake, nafasi ya pili: analipiwa nani.

Karatasi ya benki, kitu kisicho na mama wala kaka, ilijua kuuliza. Hasira za jana zikampanda upya, na akaandika kwa nguvu hata kalamu ikatoboa nakala ya chini.

"Dada, imechanika hii," alisema karani wa dirishani.

"Nipe nyingine."

Akapewa. Akaandika tena majina yote mawili, kwa herufi kubwa, akasukuma laki sita chini ya kioo, na hakutoka pale mpaka alipoona muhuri umegongwa.