Hodi ya Bwana Kofia

Juzi binti yangu alikaa nami barazani, akawasha simu, akaniambia, "Mama, tazama ucheke." Nikatazama: filamu ya zamani. Bwana Kofia! Yule yule, kofia imemlalia sikioni, sanduku begani, anatembea kama anayekanyaga makaa.

Sisi watoto wa mtaa wa Isevya tulimjua kuliko tulivyowajua wajomba zetu. Jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa na mashine kuukuu ya sinema, ya kuzungusha kwa mkono, na utepe mmoja tu. Jumamosi baada ya magharibi alitundika shuka uani, nasi tukaingia na kiingilio chetu: karanga za moto na matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha. Bibi yangu aliwekewa kigoda mbele.

Filamu ilikuwa bubu. Fundi hakujali; huku akizungusha, alimsemea Bwana Kofia. Kwake mwigizaji yule wa Marekani alikuwa mpagazi wa Kinyamwezi anayerudi kutoka pwani. "Jamani, chumvi hii nzito! Na mke wangu sijui kama ananikumbuka!" Anaanguka mtoni, tunacheka mpaka karanga zinatupalia. Halafu anafika kwenye nyumba, anavua kofia, anainua mkono agonge, na utepe umekatika hapo.

Mara ya kwanza nililia kweli kweli. Nani atamfungulia? Bibi naye hakustahimili. "Fundi, mgeni haachwi mlangoni. Mpigie hodi!"

"Hodi wenyewe!" fundi akapaza sauti.

"Karibu baba, maji ya kunawa haya hapa!" bibi akaitika.

Tangu siku hiyo tuliitika ua mzima, hadi mtaa wa pili wa Chemchem wakajua Bwana Kofia kafika.

Basi nikamsimulia binti yangu hayo yote, naye akanisomea maisha ya yule bwana. Alianza kwa kufagia jumba la maigizo, akaja kuchekesha dunia. Sauti ilipoingia kwenye filamu, wakubwa wakasema ya kwake haifai. Alibisha hodi kila studio, hakufunguliwa. Iliniuma, maana kwetu alikuwa msemaji hodari kuliko wote.

Fundi hayupo, bibi hayupo, ua ule sasa ni maduka ya simu. Kwenye kioo cha simu mkono wa Bwana Kofia ukainuka, na filamu ikakatika pale pale. Binti akasema kipande cha mwisho hakijapatikana popote.

"Hodi wenyewe!" nikaita, kwa sauti ya fundi.

Binti akanikodolea macho, akaangua kicheko, kisha akaitika mpaka majirani wakachungulia: "Karibu baba!"