Mwenye Jengo Hajulikani

Wapo watu wenye majumba wasio na usingizi, na mmoja wao ni Vigae. Jina hilo lilimganda enzi zile alipokuwa akitandika vigae kwenye mabafu ya watu, magoti yamechubuka, mgongo unamlilia. Siku hizi hapigi magoti. Hununua majengo ya ghorofa yaliyochoka, akabadilisha mabomba na nyaya, akaweka makabati mapya jikoni, akapaka rangi, kisha akapangisha kwa wenye uwezo zaidi. Wale wa zamani huambiwa wapishe ukarabati, na wakitaka kurudi hukuta kodi hawaiwezi tena. Ni kazi halali na vibali anavyo. Mwenyewe alikuwa akisema hivyo hata pasipo mtu kumuuliza.

Sasa sikia balaa alilojitafutia. Liliuzwa jengo la ghorofa nne, lile lile alikokulia. Baba yake alipofariki, mjomba wake, fundi cherehani, alimchukua akamlea pale ghorofa ya pili, akamsomesha kwa kupinda suruali za watu. Mjomba yupo pale mpaka leo, mzee, mgane, cherehani yake iko dirishani. Vigae alilijua jengo nje ndani: kuta imara, mabomba yameoza, kodi za tangu zamani, na bei yenyewe ya kutupa. Mtu wa biashara akiona kitu cha namna hiyo akili humruka. Akaingia ubia na mwanamke mmoja aliyewahi kuwa mhasibu wa benki, na fungu lake akalipata kwa kuiweka rehani nyumba anayoishi na mkewe na watoto.

Mjomba je, angemwambiaje? Hapo ndipo alipojikwaa. Mpwa kumdai kodi mjomba aliyemlea ni aibu isiyosemeka, na kumwambia akae bure ni kumtukana mzee ambaye hajawahi kula cha mtu. Vigae akaona heri anyamaze. Akamweka dalali mbele kwa kila jambo, apokee kodi, abandike matangazo, na akamwonya kwamba jina la mwenye jengo lisitajwe kamwe. Wengine wote wangehama, mjomba angebaki na kodi yake ile ile bila kujua nani kamnusuru. Kwa mawazo yake alikuwa anamheshimu mzee. Heshima gani hiyo, jamani? Lakini ndivyo alivyoona.

Notisi zilipotoka, mjomba alifunga safari mpaka ofisini kwa mpwa wake. Alieleza kwamba kumezuka tajiri mpya, sura yake haijulikani, anawafukuza watu. Yeye mjomba notisi hakupewa, na hilo ndilo lililomchoma zaidi, maana majirani wameanza kumtazama kwa jicho baya, wanadhani amewauza. Kwa hiyo wamekaa kikao, na ili waamini kwamba yuko upande wao, amewapa mpwa wake awe msemaji. Kijana anayajua mambo ya majengo, ndivyo alivyowaambia.

"Huyo mtu mimi simwogopi," mjomba akasema. "Mimi nina wewe."

Vigae akajibu sawa, mjomba. Angejibu nini kingine?

Basi ikawa vituko. Wapangaji wameketi kwenye ngazi, Vigae kasimama mbele yao akiwatetea dhidi ya dalali wake mwenyewe, na dalali anajiuma midomo asicheke. Na aliwatetea vizuri, maskini wa Mungu, kwa kuwa kila kifungu cha ile notisi alikiandika yeye. Akadai waongezewe muda. Dalali akasema hilo ni la kumuuliza tajiri, akatoka nje, na kwa mazoea tu akapiga simu. Simu ikaita mfukoni mwa Vigae mbele ya watu wote. Akaikata upesi, akasema ni mke wake. Dalali akarudi akasema tajiri amekubali, muda ukaongezwa, watu wakapiga makofi, mjomba akamshika bega mpwa wake wala hakutaka kuliachia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakusema nguo yenyewe hujisikiaje.

Yule mshirika hakuwa mtu wa mzaha. Alimpeleka Vigae jengoni pamoja na fundi bomba, wakamwonyesha bomba kuu la majitaka linaloshuka toka juu kabisa hadi chini, limefukiwa ndani ya ukuta wa jiko la mjomba. Bomba hilo halibadilishwi nusu nusu. Ukuta lazima uvunjwe, maji yakatwe, jiko libaki wazi kwa miezi, na hakuna binadamu wa kukaa humo. Vigae alikuwa anayajua haya, kazi yake ni ipi? Tamaa ndiyo iliyomsahaulisha.

"Mzee ahame," mshirika akasema, "au tuuze kwa hasara na nyumba yako iende. Chagua."

Kuuza hawezi. Kumwambia mjomba ukweli nako, baada ya kikao kile, hawezi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii yake ilikuwa ndefu tena haina pa kuchepukia. Mara kadhaa alikwenda kwa mjomba na maneno kayapanga kichwani, mzee akamwondolea vitambaa kwenye kiti, akaanza kumshukuru, na maneno yakarudi tumboni. Alijichukia, tena alijichukia kweli kweli, kisha akamwagiza dalali ampelekee mzee notisi kama wenzake.

Mjomba aliipokea kwa kitu kama furaha, maana sasa majirani walijua hakuwauza. Walipokuwa wanatoka na magodoro yao alishuka kuwasaidia kubeba, kila nyumba, mpaka jengo likabaki tupu. Halafu akapakia cherehani kwenye mkokoteni, akaja moja kwa moja kwa mpwa wake.

"Sikutaka nikuhangaishe kunitafutia chumba," akasema mlangoni. "Nitakaa kwako. Tutapambana naye tukiwa pamoja."

Mke wa Vigae, ambaye alijua kila kitu, alimpokea mzee mizigo yake, akamtandikia. Kisha akamtazama mumewe mpaka mume akainamisha kichwa.

Chakula kilipoletwa mjomba aliomba kusali. Alishukuru kwa chakula kilicho mezani na kwa watoto, akamshukuru Mungu kwa mpwa asiyemtupa mjomba wake uzeeni. Halafu sauti ikashuka.

"Na huyo aliyetutoa majumbani mwetu," akasema, "Mola mfanye naye akose pa kukaa, yeye na walio wake."

Watoto wakaitikia amina. Mama yao hakuitikia. Mzee akabaki na viganja wazi, macho kafumba, anamngoja mwenye nyumba.

"Amina," Vigae akasema.