Daktari anataka niwafute akina mama kwenye utafiti wangu

Assalaam aleikum. Jina langu lifichwe, na kijiji nakiacha, yatosha mjue ni huku kusini ya Msambweni.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na tisa, nasomea shahada ya pili. Utafiti wangu ni juu ya mwani. Nilipima mavuno ya akina mama wanaolima baharini, nikilinganisha maji ya kina na maji madogo, ili kikundi chao kijue pa kuhamishia kamba wanazofungia mwani. Wengi walivuna wastani. Lakini baadhi ya wale wa maji madogo, mwani uligeuka mweupe ukakatika, wakaambulia kidogo sana. Mmoja wao ni mama mdogo, aliyenilea, na Daktari anajua.

Msimamizi wangu, nimwite Daktari, aliniagiza nipitishe data kwenye jaribio la kompyuta linaloangalia kama zimekaa umbo la kengele, yaani wengi katikati na wachache pembeni. Jaribio likakataa. Akaniambia niwaondoe wale wa chini mpaka likubali.

Nilimjibu kwa adabu. Nilimkumbusha kwamba mwaka jana tulipopima wachache, jaribio lilikubali, ingawa hata wakati huo walioharibikiwa mwani walionekana kwenye mchoro. Data zikiwa chache halioni kitu, zikiwa nyingi linalalamikia hata kasoro isiyoharibu hesabu. Nikamwomba tutazame mchoro wenyewe, na tutumie njia ya kulinganisha isiyohitaji kengele.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Watahini watauliza jaribio limesemaje. Hawatauliza habari za mama yako mdogo. Jumatatu nataka sura ya matokeo bila wao, la sivyo utangoja mwaka mwingine."

Nilirudi nyumbani nikajaribu, nijionee tu. Nikawatoa. Jaribio likakubali. Lakini majibu nayo yakageuka: maji madogo yakaonekana ni mazuri kama ya kina.

Hata sijakaa sawa, mwenyekiti wa kikundi akanipigia simu. Wamekubaliana kuhamishia kamba zote maji madogo, kwa kuwa ni karibu, wazee hawatachoka kutembea. Wananingoja mimi tu.

"Mwanangu, ukisema panafaa, tunaanza wiki ijayo," akasema.

Nikamwambia nitampa jibu.

Mama mdogo haelewi mambo ya jaribio, ila ameniona silali. Jana aliniuliza kama amekosea mahali alipojibu maswali yangu. Nikamwambia hapana, mama, hukukosea kitu. Akaniambia basi nile.

Ada amenilipia mjomba, na sidhani ataweza mwaka mwingine. Daktari ndiye anayetia saini. Ziko sura mbili kwenye kompyuta yangu, moja ina mama mdogo, nyingine haina.

Ndugu zangu, hasa mliopitia vyuo, niambieni. Jumatatu nimpelekee ipi?