Mafuta ya Sambusa

Mimi ni mtu wa kusemea daftarini. Darasani nikiulizwa swali, sauti inaishia kooni. Lakini hili nililisema kwa mdomo wangu, tena mlangoni kwa watu, na mpaka leo najivunia.

Sisi Waislamu tulikaa ghorofa ya tatu, huko Evere, ughaibuni. Juu yetu alikaa mama mmoja wa Kihindu, mzaliwa wa Tanga kama mama yangu. Nilimwita Masi, yaani mama mdogo kwa Kigujarati, naye akiitikia shikamoo yangu kwa marahaba ndefu. Kila Ramadhani mama alimpandishia kachori za viazi. Sikukuu yao ya Diwali, Masi alitushushia vitafunio, chevda na ladu. Nyama hali kabisa. Kwa hiyo mama alikaanga kachori za Masi kwanza, kabla mafuta hayajagusa kitu kingine.

Mwaka niliotimiza kumi na tano, India walikuwa na uchaguzi. Simu zikajaa video: kwao za Waislamu wabaya, kwetu za Wahindu wabaya. Si mama wala Masi aliyewahi kuishi India! Lakini kaka yake Masi alipokuja kukaa naye, alimtumia video zake, Masi akamrushia mama moja. Mama akajibu kwa nyingine. Basi, wakaacha kusemezana. Mama akimkuta Masi kwenye lifti, alisubiri irudi tupu.

Niliogopa itabaki hivyo. Alasiri moja ya Ramadhani, mama akiwa kazini, nikakaanga kachori mwenyewe, nikapanda nazo.

Masi alifungua, akaitazama sahani, akachukua moja. Ndipo nikakumbuka nilitangulia kukaanga sambusa za nyama.

"Masi, usile! Mafuta yamekaangia nyama. Nimesahau, nisamehe."

Kaka yake akacheka kule sebuleni. "Si nilikwambia? Ndio zao hao!"

"Uliniambia wanadanganya," Masi akamjibu. "Huyu kadanganya nini?"

Akanigeukia.

"Na wewe, nani kakufundisha kuanza na nyama? Mama yako hafanyi hivyo. Ingia, tuchemshe viazi."

Tukaponda viazi, tukatia kotimiri na pilipili. Masi akamsogezea kaka yake bakuli. "Onja chumvi. Mtoto kafunga."

Alionja. Akaonja tena. "Ndimu haijatosha," akasema, akakamua nzima. Tukakaanga kwa mafuta mapya ya Masi.

"Mama yako anarudi saa ngapi?" Masi akaniuliza, kama vile anauliza habari za mvua.

"Saa kumi na mbili."

Ilipofika, akavaa kandambili, akabeba sahani mwenyewe, tukashuka. Mama alifungua mlango, akatutazama.

"Ndimu imezidi, kali kama achari," Masi akasema. "Kosa la kaka yangu, si la mwanao."

Mama akaipokea sahani, akasogea pembeni.

"Pita basi. Unasimama mlangoni kama mgeni?"