Blanketi la Edmund

Marehemu Kasian Kalinga alisomea kazi ya afya Mbeya, akarudi kwao Igowole na baiskeli ya serikali, kofia ngumu na mfuko wa chokaa. Tangu siku hiyo watu walimwita Bwana Choo, maana kazi yake ilikuwa kuingia katika kila ua na kuuliza choo kiko wapi, kimechimbwa futi ngapi, kina mfuniko au hakina.

"Kamwene, Bwana Choo!" mzee Marcelino alikuwa akimwita kutoka barazani. "Leo umekuja kutusalimia sisi au kuwasalimia nzi wetu?"

"Nzi kwanza, mzee. Wao hawafichi kitu."

Watu walicheka, ila walimwogopa, kwa kuwa Kasian hakujua upendeleo. Mwaka 1954 ndui ilipoingia kwa Marcelino ikamchukua mkewe, Kasian alitoa nje kila kitu alichokigusa mgonjwa: mikeka, nguo, hata ungo. Akavimwagia mafuta ya taa. Marcelino aliomba aachiwe shuka moja tu. Kwao matanga hayaishi mpaka nguo za marehemu zitandazwe juu ya mkeka na ndugu zake wagawiwe. Ambaye nguo zake hazikugawiwa ni kama mtu aliyefukuzwa nyumbani.

"Sheria ni ya wote, mzee," Kasian alijibu, akawasha kiberiti.

Miezi miwili baadaye lori lilimshusha Edmund, mdogo wake Kasian, aliyekuwa akifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Makongolosi. Alikuwa anatetemeka kwa homa, amejitanda blanketi jekundu, nene, alilomnunulia mama yao. Siku ya nne uso wake ulijaa malengelenge. Kasian alimbeba mwenyewe hadi kibanda cha kutengea wagonjwa, akaita wachanjaji kijijini, akafunga njia ya kwa mama yake kwa kamba. Edmund hakumaliza juma la pili. Alizikwa kwenye chokaa, bila nyimbo, padre akisoma sala kutoka mbali.

Kisha Kasian akaenda kuchoma. Mama yake, Apolonia, alimtazama akitoa mkeka, kaptura, shati la kanisani. Alipofika kwenye blanketi alimkuta mama amepiga magoti, amelikumbatia.

"Hili niachie."

"Mama, haiwezekani."

"Umemzika mwanangu kama mbwa, nimenyamaza. Sasa siku ya matanga nitandaze nini mkekani? Majivu?"

"Ni sheria, mama."

"Sheria ndiyo iliyomnyonyesha Edmund?"

Kasian alijua. Ni yeye aliyewafundisha watu, nyumba kwa nyumba, kwamba ndui hujificha katika nguo. Lakini aliiona ile mikono iliyomlea yeye na Edmund imeshika pindo la blanketi, akarudi nyuma hatua moja.

"Lianike juani," alisema. "Siku nyingi. Mtu asiliguse."

Kwenye fomu ya serikali akaandika: Vyote vimechomwa. Akatia sahihi.

Apolonia hakulianika. Angelianikaje, na Marcelino alikuwa ng'ambo ya ua tu, naye hakuachiwa hata uzi? Alilikunja, akalizika ndani ya kihenge, chini ya mahindi.

Kamba ilipofunguliwa, matanga yakafanywa. Lusia, dada yao, alikuja kutoka kwa mumewe ng'ambo ya mto, ambako wachanjaji walikuwa hawajafika. Kwenye mkeka palikuwa na kitu kimoja tu, akapewa yeye. Alijitanda blanketi hilo akilia.

Kasian alimsogelea mama yake. "Lilipata jua?"

"Limekaa vizuri," mama alisema, bila kumtazama.

Kasian alifungua mdomo amwite Lusia. Watu wote walikuwa wanatazama, Marcelino akiwa mmoja wao. Akaufunga.

Nusu ya mwezi ilipita, jumbe wa ng'ambo akaleta habari: ndui, mwanamke mmoja. Kasian alipanda baiskeli bila kuuliza jina. Alimkuta Lusia amelala, macho yamevimba hayafunguki, blanketi limemfunika hadi kidevuni.

"Ni wewe, kaka? Nakujua kwa baiskeli yako," alisema. "Nililala nalo kila siku. Lilikuwa bado linanuka Edmund."

Kasian alimwombea rozari nzima akiwa amekaa chini kando ya kitanda. Mwenyezi Mungu husikia. Lakini si kila anachosikia hukijibu. Lusia alifariki siku ya Jumapili. Kasian alimwaga chokaa kaburini mwenyewe, akachoma kila kitu, blanketi likawa la mwisho. Hakuna aliyemwomba chochote.

Fomu ilikuwa na mahali pa kuandika ugonjwa ulikotoka. Aliandika: Blanketi. Nililiacha mimi. Akaituma bomani, akaungama kwa padre. Padre alimwondolea dhambi. Boma halikujibu. Alingoja wamwite, wamfukuze, wamfunge. Mwisho wa mwezi walimletea mfuko mpya wa chokaa.

Siku ya matanga ya Lusia, Apolonia alitandika mkeka, nao ukabaki mtupu. Marcelino alikuja, akaketi nyuma, hakutania. Watu walitazama chini. Ndipo Kasian aliposimama, akavua koti lake la kaki la serikali, akaliweka katikati ya mkeka.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mama yake alilichukua, akalikung'uta, akamrudishia.

"Vaa, mwanangu," alisema. "Wewe hujafa bado."

Alivaa, akafunga vifungo vyote. Watu wakaondoka mmoja mmoja, matanga yakiwa hayajaisha.