Walioshindikana wa Kibanda cha Simbeye

Nyinyi mliokulia Tunduma enzi zile za vibanda vya video, naomba mnisaidie, maana mwenzenu nimeshindwa kuelewa. Sisi tulikuwa watoto wa kusali kabla ya kula, sare tunazipiga pasi ya mkaa, na ukichelewa namba shuleni unachapwa. Sasa ilikuwaje filamu tulizozipenda kuliko zote zikawa zile za vita zenye wanajeshi walioshindikana? Mlevi, mwizi, mbishi, mwingine katolewa jela, wote wanakusanywa na kutumwa kazi ambayo wanajeshi wa maana wameikwepa. Wale nadhifu wa gwaride hatukuwa na habari nao. Tulimtaka mlevi.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati, na viti ni mabanzi yaliyogongelewa miguu. Jenereta inaunguruma nyuma, ndani kunanuka petroli, jasho na karanga za kukaanga. Kiingilio chetu sisi watoto kilikuwa kumchotea maji mke wa mwenye kibanda. Mikanda ilivuka kutoka Zambia pamoja na sabuni na mafuta ya kupaka. Sauti ya filamu inapunguzwa, halafu Simbeye, mtafsiri wetu, anasimama kando ya televisheni na kipaza sauti, anatueleza wazungu wanasema nini.

Simbeye alikuwa kijana wa kupakia malori pale mpakani. Kiingereza chake kilikuwa cha bei na mizigo, na kikimwishia aliendelea na cha kutunga. Kila mwanajeshi alimpa kwao. Mlevi alikuwa Mnyiha wa Hasamba, aliyemalizia kwenye pombe hela yote ya kahawa ya baba yake. Mwizi alikimbia Saza na dhahabu ya watu. Yule mnene asiyeacha kutafuna alitoka Isansa, na mpole anayesali kabla ya kupiga risasi alikuwa wa milimani Ileje, tena Simbeye alimsemea kwa lafudhi ya Kindali mpaka tunadondoka kwenye mabenchi. Mzungu wa watu, macho ya bluu, anamwambia kamanda, "Afande, mama yangu anajua nimeenda kusaga mahindi." Mwanangu leo anaangalia filamu kwenye simu, peke yake, vidude masikioni, na pakichelewa kidogo anaruka mbele. Nikimuuliza yule askari kwao wapi, ananitazama kama mgonjwa.

Kaka yangu Asheri alikuwa shabiki wa yule wa Hasamba. Sishangai. Asheri alirudia darasa la saba na bado akafeli, akitumwa chumvi anarudi na kiberiti, akichunga mbuzi wanaishia kwenye mahindi ya jirani. Baba yetu, mzee wa kanisa aliyefanya kazi migodini Zambia ujanani, alishamkatia tamaa. Wageni wakija anatutambulisha: huyu wa kwanza, huyu Tabita, na ile pale ni hasara. Asheri alicheka pamoja na wageni, kisha jioni hali chakula.

Jumamosi moja mchana aliingia kibandani na nguo zake kwenye kiroba. Akaniinamia sikioni. "Tabita, hii naangalia kwa kuaga. Kuna lori linavuka jioni. Mi nyumbani sirudi tena."

Tuliwajua vijana waliovuka namna hiyo, na mama zao mpaka leo wanaulizia kwa kila dereva. Nikakaa pale nalia kimyakimya, naangalia vita ambayo siioni vizuri.

Filamu ikiwa imefika patamu, mlango ukafunguliwa, akaingia baba. Koti la kanisani, fimbo mkononi. Simbeye akashusha kipaza sauti, wazungu wakabaki wanaongea wenyewe. Baba akasimama nyuma kabisa, akatazama.

"Endelea na kazi yako, kijana," alisema.

Simbeye akaendelea huku jasho linamtoka. Kule vitani daraja limelipuliwa, moshi kila mahali, na yule wa Hasamba amelala chini. Kamanda kapiga magoti pembeni yake, anawauliza wenzake kitu, wanatikisa vichwa. "Kachoka huyu," Simbeye akatutafsiria. "Kamanda anamwambia amka mwanangu twende, kwenu wamekuchinjia mbuzi!" Tulipiga makofi mabati yakatetemeka. Nilipogeuka kumwangalia baba, alikuwa anajifuta macho kwa leso. Nikajua ni ule moshi wa jenereta.

Tulipotoka nje nilisubiri fimbo. Badala yake baba alichukua kile kiroba, akakiweka begani juu ya lile koti lake, akaanza kutembea katikati ya sokoni watu wote wanatuona. Asheri akamkimbilia. "Baba, acha nibebe mwenyewe."

"Awe," alisema baba, hapana yake ya Kibemba aliyorudi nayo kutoka migodini. "Twende, mama yako ameivisha."

Neno hasara hatukulisikia tena nyumbani kwetu. Hakuomba radhi, hakueleza, na hatukuthubutu kumuuliza mpaka tulipomzika. Asheri hakuvuka. Sasa ana mashine yake ya kusaga, ana wajukuu, na miaka yote hii mimi nimekuwa nikisimulia kwamba mbuzi wa Simbeye ndiye aliyemlainisha baba.

Juzi mwanangu akaniletea filamu ileile kwenye simu, ina maandishi ya Kiswahili chini. Nikamwita Asheri, tukakaa wawili kama watoto. Ilipofika pale darajani sikuamini. Mlevi hakuwa amechoka. Amekufa. Na kamanda anawauliza wenzake, kuna anayejua huyu kwao wapi, tumpelekee nani habari? Hakuna anayejua.

Asheri alirudisha nyuma, akasoma tena. Halafu akasema taratibu, "Baba Kiingereza alikijua, Tabita."

Tangu siku hiyo nimechanganyikiwa. Sijui nimshukuru Simbeye kwa uongo wake au nimlaumu. Sijui hata niliipenda filamu ipi. Watoto wa siku hizi wameandikiwa kila neno chini kwenye kioo, hawadanganywi, na nadhani ni vizuri, ila nawaonea huruma na sijui kwa nini. Ninachokitamani ni kurudi mle kibandani dakika moja tu, nikasimame karibu na baba. Maana sisi wote tulikuwa tunashangilia, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa msibani.